Nyumba Njema si Mlango: Historia ya Mapambo ya Vyumba Vyetu

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa zaidi kuwaonya watu wasihukumu mambo kwa sura ya nje. Lakini kwa mwanafunzi wa historia ya pwani yetu inayo maana nyingine, iliyo karibu zaidi na maneno yake. Wageni wengi wafikao Unguja, Bagamoyo au Lamu husimama mbele ya milango ya nakshi, wakaistaajabia, wakaipiga picha, kisha wakaenda zao. Waandishi nao wameandika mengi juu ya milango hiyo. Lakini yaliyokuwa nyuma ya mlango, yaani jinsi chumba kilivyopangwa na kupambwa, na ni nani aliyekipanga, yameandikwa kwa uchache. Madhumuni ya insha hii ni kuingia ndani.

Iko sababu nyingine ya kuingia. Siku hizi mapambo ya nyumba yakitajwa, wengi wetu hufikiria vitu vya dukani: makochi makubwa, mapazia mazito, maua ya plastiki, na picha za nchi ambazo hatujapata kuziona. Hudhaniwa kwamba kupamba chumba kwa mpango ni elimu iliyokuja na wageni, na kwamba wazee wetu walikaa nyumbani kwa kujisitiri tu na mvua na jua. Dhana hiyo si kweli, nayo ina madhara. Maana mtu asiyejua kwamba kwao kulikuwa na kipimo cha uzuri hana la kufanya ila kuazima kipimo cha wengine.

Kipimo cha boriti

Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa bado mabichi, yalitumiwa kwa miimo, matao na nakshi. Mawe magumu ya nchi kavu yalijengewa kuta. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Dari nayo ililazwa juu ya boriti za mikoko, na hapo ndipo ilipo siri ya chumba cha pwani. Boriti ya mkoko ikiwa ndefu mno haiwezi kuchukua uzito wa dari ya mawe na chokaa. Kwa hiyo upana wa chumba ulikuwa kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3 hivi, haidhuru mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Tajiri aliweza kukirefusha chumba chake, akaongeza vyumba vingine, akapandisha ghorofa. Kukipanua hakuweza.

Kutokana na sharti hilo vyumba vya nyumba kubwa vilikuwa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kuanzia uani hadi chumba cha ndani kabisa, ambacho watu wa Lamu walikiita ndani bila ya kuongeza neno jingine. Mtu aliyeingia alitoka penye mwanga akaelekea penye kivuli. Alitoka pa wageni akaelekea pa faragha. Huo ulikuwa mpango wa kwanza wa nyumba, nao ulikuwapo kabla ya pambo lolote kutiwa.

Basi wajenzi walikabiliwa na swali gumu: chumba chembamba kitapambwaje bila ya kusongwa? Vitu vingi vikiwekwa sakafuni, watu hawana pa kupita wala pa kukaa. Jawabu lao lilikuwa kuliingiza pambo ndani ya ukuta wenyewe. Katika ukuta mnene waliacha vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu, yaani matundu ya mraba au yenye tao, ya kuwekea taa, vitabu na vyombo. Jawabu hilo ni la kale sana. Katika Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331, vimeonekana vidaka vya taa na mawe ya matumbawe yaliyochongwa nakshi za mistari na pembe. Katika magofu ya Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, vidaka vimo katika kuta za nyumba za watu pia, wala si katika jumba la mtawala peke yake.

Sanaa hiyo ilifikia upeo wake kaskazini mwa pwani, katika nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18. Huko ukuta mzima wa chumba cha ndani uligeuzwa kuwa safu juu ya safu za zidaka, zikiwa zimezungukwa na nakshi zilizochongwa katika lipu ya chokaa. Mtu akisimama kati ya chumba na kuutazama ukuta huo, ataona kwamba fundi alianza katikati. Kutoka hapo alikwenda kulia na kushoto kwa hesabu moja: kidaka kwa kidaka, ua kwa ua, mstari kwa mstari. Upande mmoja haukuushinda mwingine. Macho yalipata pa kupumzika, na ukuta uliokuwa karibu sana na uso wa mtu ukaonekana kana kwamba umerudi nyuma.

Fundi na mwenye nyumba

Yafaa tutofautishe hapa kazi ya watu wawili. Fundi alijenga zidaka kwa kanuni iliyojulikana na mji mzima, wala hakuna aliyetazamia kwamba atabuni mpango mpya kwa kila nyumba. Lakini kidaka ni tundu tupu. Kilichowekwa ndani yake kilikuwa uamuzi wa wenye nyumba, na hasa wa mama mwenye nyumba. Kwa maana katika Lamu ilikuwa desturi ya waungwana kumpa binti nyumba, au ghorofa ya nyumba, anapoolewa. Mume alihamia kwa mke. Chumba cha ndani kilikuwa milki ya mwanamke kwa sheria na kwa matumizi.

Katika vidaka hivyo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China na nchi nyingine za ng'ambo, vyetezo vya kufukizia udi, mirashi ya marashi, na vitabu. Kauri ilithaminiwa katika pwani yote. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vyake Gedi, Kilwa na kwingineko. Na katika makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bakuli zilitiwa katika nguzo za makaburi yenyewe. Jambo hilo la mwisho linatufundisha kwamba kauri haikuwa chombo cha kulia tu, wala alama ya mali tu. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba nakshi na vyombo vya chumba cha ndani vilihesabiwa pia kuwa kinga dhidi ya husuda na mambo mabaya, kwa kuwa ndani ndimo mwanamke alimojifungulia na ndimo maiti alimooshwa. Chumba kilichopambwa kuliko vyote hakikuwa cha wageni. Kilikuwa kile ambacho mgeni hakukiona.

Uzito wa jambo hili twauona pia katika fasihi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyotoweka, alimwingiza msomaji ndani ya nyumba, akamwonyesha vidaka vilivyokuwa na vyombo vya kauri vikiwa sasa malazi ya ndege. Wasomaji wake walikijua kidaka vizuri, wakajua mara moja ni kitu gani kilichopotea.

Tukirudi Unguja tunapata ushahidi wa mtu aliyelelewa ndani ya vyumba vya namna hiyo. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ameeleza jinsi kuta za vyumba vya matajiri zilivyogawanywa kwa vidaka virefu vyenye rafu, na jinsi vyombo teule vya kioo na kauri vilivyopangwa humo kwa ulinganifu. Kati ya kidaka na kidaka paliwekwa vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya, na saa nazo zilipendwa mno. Tuangalie vizuri ushahidi huu. Kioo kilitoka Ulaya, kauri ilitoka Mashariki. Lakini mpango ulikuwa wa nyumbani. Kitu kigeni kilipoingia kilipewa nafasi yake katika hesabu iliyokuwapo. Hakikuachiwa kuivunja.

Jasho lililo nyuma ya nakshi

Historia isingekuwa ya kweli kama tungeishia hapo. Nyumba kubwa za karne za 18 na 19 zilitegemea kazi ya watumwa. Kulikuwa na mawe ya kukata na kubeba, chokaa ya kuchoma, maji ya kuteka na sakafu za kufagia. Na wale waliozifanya kazi hizo hawakulala katika vyumba vya zidaka. Kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha mpingo kilichotiwa pembe na kusukwa kwa nyuzi, ambacho aliwekewa mgeni mheshimiwa, chakumbusha jambo hilo hilo. Pembe za ndovu zilizouzwa pwani katika karne ya 19 zilitoka Ujiji, Tabora na mbali zaidi, zikaletwa Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi, wakiwamo Wanyamwezi wengi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaacha kutambuliwa na sheria huko mwaka 1897. Kabla ya hapo, na hata baadaye, ukuta wa mawe ulikuwa alama ya kuwatenga waungwana na wengine.

Kwa sababu hiyo wapo watu wanaouliza kama mapambo haya yanastahili kweli kuitwa urithi wa taifa. Wengine huongeza kwamba si yetu hata kidogo, kwa kuwa waandishi wa wakati wa ukoloni walifundisha kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Dai hili la pili limekwisha kujibiwa na wachimbaji wa mambo ya kale. Shanga, katika kisiwa cha Pate, mahali palipochimbwa katika miaka ya 1980, palionekana jinsi mji ulivyokua pole pole tangu karne ya 8, kutoka nyumba za miti na udongo hadi nyumba za mawe, bila ya kukatika kwa maisha ya wenyeji. Biashara na dini ziliwaunganisha na ng'ambo. Ufundi waliukuza wenyewe.

Swali la kwanza ni gumu zaidi, wala halijibiwi kwa kusema kwamba yaliyopita yamepita. Jibu lake limo katika yale waliyoyafanya watu walionyimwa nyumba ya mawe walipopata vyumba vyao wenyewe.

Chumba cha udongo

Ng'ambo ya Unguja, kuvuka ule mkono wa bahari uliozingira Mji Mkongwe na ambao baadaye ulifukiwa, walijenga watu wa kazi, na miongoni mwao wengi waliokuwa wametoka utumwani. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa makuti. Katika Dar es Salaam, hasa Kariakoo, ilienea nyumba ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vyumba vitatu kushoto, baraza mbele na ua nyuma. Mwanafunzi akiichora nyumba hiyo karatasini ataona tena ule mstari wa katikati na pande mbili zinazolingana. Hapakuwa na zidaka wala nakshi za chokaa. Kanuni ilikuwapo.

Pambo la chumba hicho lilikuwa mkeka. Ukindu huchumwa, hukaushwa, huchanwa, baadhi yake hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu wenye mapambo yake. Hatimaye ukili huo hushonwa upande kwa upande mpaka ukawa mkeka. Msusi huanza kuhesabu miyaa tangu kidoleni. Akikosea mwanzo, kosa lake litaonekana mapambo yatakapokataa kukutana wakati wa kushona. Hii ni hesabu ile ile ya fundi wa zidaka, ila inakaa katika mikono ya wanawake, na kifaa chake hakihitaji boriti wala tanuri. Tena mkeka hukunjwa. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala usiku, cha kulia mchana na cha kupokea wageni alasiri, na mwenye chumba alijua thamani ya nafasi tupu.

Juu ya mkeka na kitanda zilikuja alama za mwenyewe: foronya zilizodariziwa maua au maneno, vitambaa vya kufuma vya mezani, picha ya arusi iliyopigwa studio, kanga iliyotundikwa mlangoni badala ya pazia. Kanga yenyewe ilizuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikapendwa na wanawake wote, wakiwamo wale ambao zamani walikatazwa kuvaa kama waungwana. Hivyo jina kanga likitundikwa mlangoni pamoja na maneno yake, mwenye chumba alikuwa anasema: hapa ni pangu, na haya ndiyo nisemayo. Kilichokuwa fahari ya wachache kiligeuzwa kuwa haki ya wengi.

Wala jambo hili si la pwani peke yake. Katika msonge wa Wahaya sakafu ilitandikwa nyasi, na nyumba ikagawanywa ndani kwa kufuata moto, watu na mifugo, kila kimoja mahali pake. Huko Usukumani, wanachama wa chama cha wacheza nyoka walichora picha katika kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory akazichapisha picha hizo mwaka 1953. Mazingira yalitofautiana, na vifaa pia. Lakini katika kila mahali chumba kilikuwa na mpango unaojulikana na wote, na ndani ya mpango huo alama ya wenyewe.

Kipimo kilipovunjika

Mwaka 1883 Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, akatumia nguzo za chuma. Hiyo ilikuwa dalili ya mambo yaliyokuwa yanakuja. Chuma na saruji vilipoenea, upana wa chumba haukuamriwa tena na urefu wa mti wa mkoko. Tangu hapo mjenzi aliweza kufanya chumba cha upana autakao, na mwenye nyumba akapata sakafu kubwa ya kujaza. Hatuna haja ya kuulilia ule wembamba wa zamani. Chumba kikubwa chenye hewa na mwanga ni maendeleo. Lakini tuelewe kilichotokea. Zamani ulinganifu ulitokana na vifaa vyenyewe: boriti ilimzuia mtu asipitilize. Leo hakuna kinachomzuia ila fikira zake. Ndiyo maana twaona sebule ambamo makochi yamezuia mlango, kabati limeziba dirisha, na ukuta umejaa vitu ambavyo havina uhusiano wowote na watu wakaao humo. Tatizo la chumba kama hicho si umaskini, maana pengine kimegharimu fedha nyingi. Kimekosa mstari wa katikati, na kimekosa mwenyewe.

Wakati huo huo vitu vya zamani vinatoweka. Vyombo vya vidakani, viti vya enzi na milango ya nakshi vimeuzwa kwa watu wa mbali kwa miaka mingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliiweka milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vya kuhifadhiwa. Lakini sheria hulinda mlango kwa urahisi kuliko inavyolinda mpango wa chumba. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Beit al-Ajaib haikuwa na bahati hiyo: sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta ukianguka huweza kujengwa tena. Maarifa ya kwa nini kidaka hiki kilikuwa hapa na chombo kile kikawa pale hayarudi kwa saruji.

Kwa hiyo kazi kubwa iko shuleni. Mwalimu aliye karibu na magofu na awapeleke wanafunzi wakiwa na futi kamba, wapime upana wa vyumba, kisha waeleze kwa nini vinakaribiana. Aliye Dar es Salaam na awafikishe Kijiji cha Makumbusho, ambako zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa ukubwa unaoweza kuingiwa. Aliye mbali na hayo yote asikate tamaa, kwa sababu chimbuko lililo bora zaidi limo katika kila kijiji: wazee waliosuka, waliodarizi, waliokandika na kupaka kuta. Na waulizwe chumba cha mama zao kilipangwaje. Kitanda kilielekea wapi. Kitu gani kiliwekwa mahali ambapo mtoto hakifikii, na kwa nini. Majibu yaandikwe, na vyumba vichorwe kama vinavyosimuliwa.

Kazi hiyo haigharimu fedha, lakini ina wakati wake. Wanawake waliojua kuhesabu miyaa ya ukili bila ya kuutazama mkono wanazidi kupungua, na baadhi yao ni bibi za wanafunzi hao hao.